Sahihi na Usahihi

Katika Kiswahili neno moja limetwishwa mizigo miwili. Sahihi ni jina ambalo mtu hulitia kwa mkono wake chini ya waraka. Na sahihi ni jambo lililo kweli, lisilo kosa wala upungufu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya uzima na ukweli. Lilipokaa katika kinywa cha Mswahili likawa pia jina la alama ya mkono, kana kwamba waliolitumia hawakuweza kumfikiri mtu ambaye angetia jina lake chini ya neno asilolijua kuwa ni la kweli. Kutia sahihi kulikuwa ni kushuhudia usahihi. Mkono na moyo vilihesabiwa kuwa shahidi mmoja.

Zama hizi mashahidi hao wameachana. Alama ya sahihi yaweza kutiwa pasipo mtu kukitazama kile kinachotiwa alama, na yaweza kutiwa mara mia tatu katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Talaka hii yaonekana katika shughuli nyingi, lakini yaonekana wazi sana katika ofisi za wachoraji wa majengo, ambako programu za kompyuta zimepewa kazi ya kubadili alama za marekebisho katika michoro. Programu ya namna hiyo ni jambo dogo, na waraka wa maelezo unaofuatana nayo ni jambo dogo zaidi. Hata hivyo, ndani ya udogo huo limo swali kubwa la maadili: mtu anayeandika maelezo ya chombo anawiwa nini na watu asiowajua, watakaopita chini ya dari iliyojengwa kwa michoro iliyopitia katika chombo hicho?

Ili swali hili lieleweke, yafaa kwanza kueleza mchoro wa ujenzi ni kitu gani. Fundi hajengi kwa mawazo ya mhandisi, kwa kuwa mawazo hayaonekani. Hujenga kwa mchoro. Mchoro ni amri iliyoandikwa kwa mistari na tarakimu badala ya maneno. Jumba kubwa laweza kuwa na mamia ya karatasi za michoro: ya msingi, ya nguzo, ya boriti, ya ngazi, ya mabomba na ya nyaya za umeme. Tangu karatasi ya kwanza inapotolewa hata siku jengo linapokabidhiwa, michoro hiyo haitulii. Mwenye mali huongeza chumba, udongo huonekana dhaifu kuliko ulivyodhaniwa, chuma cha kipimo fulani hukosekana sokoni. Na kila badiliko hulazimisha mchoro utolewe upya.

Kwa sababu hiyo kila karatasi, aghalabu chini upande wa kulia, ina kisanduku cha utambulisho. Humo huandikwa jina la jengo, namba ya mchoro, jina la aliyechora, jina la aliyeidhinisha, na tarehe ya kutolewa. Kanuni ya kimataifa ya visanduku hivyo, ISO 7200 ya mwaka 2004, imeyafanya majina hayo mawili pamoja na tarehe kuwa mambo ya lazima. Karibu na kisanduku huwapo jedwali la marekebisho. Katika ofisi nyingi herufi A ni ya badiliko la kwanza, B ya la pili, C ya la tatu. Na mbele ya kila herufi huandikwa tarehe, maneno machache ya kueleza kilichobadilika, na herufi za mwanzo za majina ya waliohusika. Katika mchoro wenyewe sehemu iliyobadilika huzungushiwa mstari wenye mapindo kama wingu, na kando yake hutiwa pembetatu ndogo yenye herufi ile ile.

Herufi hiyo moja hufanya kazi ya bawabu. Msimamizi wa ujenzi akiwa na karatasi mbili mkononi, moja ya B na moja ya C, hujua ipi aitii na ipi aiweke kando. Hana nafasi ya kupima kila mstari upya, wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Huiamini herufi kama nahodha aaminivyo nyota. Tofauti ni kwamba nyota haikuwekwa mbinguni na karani mwenye haraka.

Zamani mabadiliko ya mchoro yalikuwa na shahidi mwingine asiyeandikwa. Mchoro wa asili ulichorwa kwa wino juu ya karatasi au kitambaa chepesi kinachopitisha nuru, na nakala zikatolewa kwa njia iliyobuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842, njia ambayo huacha mistari myeupe juu ya uwanja wa buluu. Mchoraji aliyetaka kubadili mstari wa wino aliukwangua kwa wembe, akachora mwingine mahali pake. Wembe uliondoa wino, lakini uliacha kovu. Aliyeinua kitambaa mbele ya dirisha aliliona, naye aliweza kuuliza palikuwa na nini hapo kabla. Tena kazi ya kukwangua ilikuwa ya taabu, na taabu hiyo ilimlazimisha mtu kukaa na badiliko lake muda wa kutosha kulitafakari. Kompyuta ilipoingia katika vyumba vya kuchorea, hasa tangu miaka ya 1980, iliondoa taabu na ikaondoa kovu pia. Mstari unaofutwa hauachi alama machoni; na ule uliochukua mahali pake waonekana kana kwamba ulikuwapo tangu azali. Jedwali la marekebisho, ambalo zamani lilisaidiwa na kovu, likabaki shahidi wa pekee juu ya karatasi.

Sasa yatazamwe yanayofanywa na programu. Mchoraji huionyesha mahali palipo faili mia tatu, huandika herufi mpya, tarehe, na maneno ya badiliko, kisha huamuru. Programu hufungua faili moja baada ya nyingine, hutafuta kisanduku cha utambulisho, hufuta B na kutia C, huongeza mstari katika jedwali, huhifadhi faili na kuifunga. Kazi ambayo ingewachosha watu wawili kwa siku kadhaa humalizika kwa dakika chache. Si haki kuidharau neema hii. Mkono wa mwanadamu uliochoka huruka karatasi, huandika tarehe ya jana, huongeza herufi katika kisanduku na kuisahau katika jedwali. Karatasi moja iliyobaki na herufi ya zamani yaweza kumfanya fundi amwage zege mahali ambapo nguzo imekwisha hamishwa. Programu haichoki wala haisinzii. Na katika kazi ya kurudia neno lile lile mara mia tatu, ni mtumishi mwaminifu kuliko mtu.

Lakini programu huijua herufi; hailijui jengo. Hutia C katika mchoro uliobadilika na katika mchoro ambao haukuguswa kamwe, kwa mkono ule ule na uso ule ule. Isipoundwa kwa uangalifu, hukuta mchoro uliokwisha fika D, ikaurudisha C pasipo haya. Hukuta kisanduku kilichopewa jina tofauti katika faili moja, ikakipita kimya, na faili hiyo ikabaki nyuma ya wenzake. Hukuta jedwali limejaa, na mstari mpya usipate mahali pa kukaa. Huyaacha mawingu ya badiliko lililopita, na msomaji akayadhani kuwa ni ya badiliko la leo. Hakuna kati ya mambo haya lililo siri kwa aliyeiunda. Huyajua kama mama ajuavyo udhaifu wa mwanawe. Na kama mama, mara nyingi hapendi kuyataja mbele ya wageni.

Hapa ndipo waraka wa maelezo unapoingia katika mizani ya maadili. Waraka huu kwa kawaida huandikwa mwishoni, wakati muundaji amechoka na mwajiri anahimiza. Huandikwa kama mtu afagiavyo uani baada ya karamu. Chukua mfano wa sentensi moja iwezayo kufungua waraka wa namna hiyo: "Programu hii husahihisha michoro yote ya jengo kwa mara moja." Sentensi ni fupi, ni nyepesi, yapendeza masikioni, na ni ya uongo. Programu haikusahihisha mchoro wowote. Ilibadili alama zinazosema kwamba mchoro umesahihishwa. Kati ya mambo haya mawili pana umbali kama ule ulio kati ya mgonjwa aliyepona na mgonjwa aliyeandikiwa cheti cha kupona.

Kila msomaji wa chuo aijua tofauti hii kwa njia iliyo karibu naye. Mwalimu aliyepewa madaftari arobaini, akatia alama ya vyema katika kila ukurasa pasipo kusoma, hakusahihisha, alipaka wino. Kubadili, kurekebisha, kusahihisha na kuidhinisha ni vitenzi vinne vyenye kazi nne. Kubadili ni kukifanya kitu kiwe tofauti na kilivyokuwa, kwa heri au kwa shari. Kurekebisha ni kubadili kwa nia ya kutengeneza. Kusahihisha ni kukipima kitu kwa ukweli na kuondoa kosa. Kuidhinisha ni kusimama mbele ya watu na kusema: nimepima, nami nakubali kuulizwa. Kitenzi cha kwanza kinatosha kwa mashine. Cha pili na cha tatu vyahitaji akili yenye ujuzi. Cha nne chahitaji mtu mwenye jina, na uso wa kuona haya. Mwandishi wa maelezo anayetumia kitenzi cha tatu mahali pa cha kwanza amempa mtumiaji ruhusa ya kulala, naye hakuwa na haki ya kuitoa.

Pengine msomaji ataona kwamba jambo dogo linakuzwa kupita kiasi. Basi na aikumbuke hoteli moja katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1980. Katika ukumbi wake mkubwa palikuwa na vijia vya juu vilivyoning'inizwa darini kwa fimbo za chuma, kijia cha ghorofa ya nne kikiwa juu ya kile cha ghorofa ya pili. Katika wazo la kwanza la wahandisi, fimbo ndefu moja ilitoka darini, ikapita katika boriti za kijia cha juu, ikashuka mpaka kijia cha chini. Na kila kijia kilikalia nati yake katika fimbo hiyo. Fimbo ya namna hiyo ilikuwa na usumbufu katika kutengenezwa na kusimamishwa. Badiliko likafanywa katika michoro ya karakana: fimbo moja ikawa mbili. Ya kwanza ilitoka darini ikaishia katika kijia cha juu. Ya pili ilianzia katika kijia cha juu ikashuka mpaka cha chini.

Kwa jicho la haraka badiliko hilo si kitu. Idadi ya vijia ni ile ile, uzito ni ule ule, dari ni ile ile. Lakini mfikirie mtu aliyening'iniza ndoo mbili kwa kamba moja, kila ndoo ikifungwa kwa fundo lake katika kamba. Kisha aifungue ndoo ya chini katika kamba na kuifunga katika kitako cha ndoo ya juu. Kamba ya juu haikuzidishiwa mzigo. Kilichozidishiwa ni fundo la ndoo ya juu, ambalo sasa labeba ndoo mbili. Ndivyo ilivyokuwa kwa boriti za kijia cha ghorofa ya nne. Mahali ambapo nati yake ilishika palipokea mzigo maradufu, na hapana aliyepiga hesabu mpya ya mahali hapo.

Michoro ya karakana 42 ilifika katika ofisi ya wahandisi katikati ya Februari 1979, nayo ilirudishwa kabla ya mwezi huo kwisha, ikiwa na muhuri wa kupitiwa. Miongoni mwake ulikuwamo mchoro wa fimbo mbili. Baadaye upande wa karakana ulisema kwamba badiliko liliombwa kwa simu na kukubaliwa; upande wa wahandisi ulikana kuipokea simu hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika shauri hili kilichokosa daftari hakikuwa mali, bali sababu ya badiliko na jina la aliyelichukua shingoni. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, watu wengi wakiwa ukumbini katika dansi, vijia vile viwili vilianguka. Watu 114 walikufa, na zaidi ya 200 waliumia. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba hata muundo wa kwanza ungebeba karibu asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na sheria ya mji ule. Kwa hiyo kosa halikuanza siku ya badiliko. Lakini badiliko ndilo lililokuwa nafasi ya mwisho ya kuliona, na muhuri ukaifunga nafasi hiyo. Wahandisi wawili waliopasika kujibu walinyang'anywa leseni zao katika jimbo hilo.

Muhuri ule ulikuwa sahihi bila usahihi. Hapakuwa na programu ya kuutia. Ulitiwa kwa mkono wa mtu. Na hapa mpinzani aweza kusema: ikiwa mikono ya watu ilitenda hivyo, mbona kompyuta ishitakiwe? Jibu ni kwamba kompyuta haishitakiwi. Linaloonyeshwa ni kwamba udhaifu huu ni wa mwanadamu tangu zamani, nao hupenda njia nyepesi. Mtu wa muhuri alipaswa walau kuiinua na kuishusha mikono yake mara 42, na katika mara hizo jicho lingeweza kuangukia mchoro na moyo ukashtuka. Programu imeiondoa hata nafasi hiyo ndogo ya kushtuka. Lililokuwa jaribu limefanywa kuwa desturi, na lililokuwa uzembe limepewa jina la ufanisi.

Mfano mwingine ni wa kale zaidi, na wafunza upande wa pili wa jambo. Katika daraja la Quebec, huko Kanada, urefu wa nafasi kubwa ya katikati ulirekebishwa kutoka futi 1,600 kuwa futi 1,800. Tarakimu hiyo ilibadilishwa wazi, kwa idhini, na kila aliyehusika aliijua. Kilichoachwa nyuma ni jamaa zake. Daraja lililorefuka lilikuwa zito zaidi, lakini makadirio ya uzito wake hayakupigwa upya kwa wakati. Na kosa lilipogunduliwa, chuma kingi kilikuwa kimekwisha tengenezwa, na kazi ikaruhusiwa kuendelea. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lilianguka mtoni kabla ya kumalizwa, na wafanyakazi 75 walikufa. Somo la Quebec ni kwamba tarakimu katika mchoro haikai peke yake. Ina wazazi na ina watoto, na anayemhamisha mmoja hana budi kuwatembelea wote. Programu inayobadili tarakimu au herufi mahali ilipoelekezwa haiwezi kuwatembelea jamaa isiowajua. Waraka wa maelezo usiposema hivyo, mtumiaji atadhani kwamba ziara imekwisha fanywa.

Kuna hoja nyingine inayotolewa mara nyingi, nayo yastahili heshima. Husemwa kwamba chombo ni chombo, na dhima ni ya mtumiaji. Mhunzi hashitakiwi kwa jeraha la kisu. Hoja hii ni ya kweli kwa kisu, kwa sababu kisu hakifichi makali yake. Mtoto wa miaka mitano hujua upande upi wa kukishika. Makali ya programu hayaonekani. Yamo ndani ya maandishi ambayo mtumiaji hayasomi wala hatazamiwi kuyasoma. Mtumiaji huona kitufe, na nyuma ya kitufe huona ahadi. Ahadi hiyo imeandikwa na mwandishi wa maelezo. Kwa hiyo mwandishi ndiye anayekipa chombo makali yanayoonekana au anayekivika ala asiyoitaja. Dhima ya mtumiaji huanzia pale alipoambiwa. Mahali asipoambiwa, dhima hubaki kwa aliyejua akanyamaza.

Hoja ya tatu ni ya watu wenye uzoefu. Husema kwamba maelezo hayasomwi. Na kadiri yanavyoongezwa maonyo ndivyo yanavyozidi kukimbiwa. Ukweli uliomo humu ni mchungu, lakini hauhalalishi kimya. Wafunza namna ya kusema. Onyo lililozikwa katika ukurasa wa arobaini ni sawa na kisima kilichofunikwa kwa majani. Onyo moja lililowekwa mlangoni, kwa maneno machache na mazito, husomwa hata na mwenye haraka. Tena chombo chenyewe chaweza kufundishwa kusema. Chaweza, kila kimalizapo kazi, kutoa orodha ya michoro iliyobadilishwa, ya iliyorukwa na sababu ya kurukwa, na ya iliyokuwa na herufi isiyotazamiwa. Chaweza kukataa kutia herufi za mwidhinishaji, na kuacha nafasi yake tupu mpaka mwenyewe aje. Nafasi tupu ni onyo lisilohitaji kusomwa, huonekana.

Walio katika taaluma ya fasihi wanao mfano mwema usio mbali nao. Miswada ya tenzi za pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilipita katika mikono ya wanakili wengi, na wengi wao waliweka mwishoni jina la mnakili na tarehe ya kumaliza kwa hesabu ya Hijra. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mnakili mashuhuri aliyefariki mwaka 1945, ni mmoja wa waliotuachia miswada iliyo na majina. Mtaalamu akikuta nakala mbili zinazotofautiana katika ubeti mmoja, jina na tarehe humsaidia kupima ipi ilitangulia na nani aliyebadili. Mnakili mwenye jina aliweza kukosea kama asiye na jina, na pengine aliongeza neno lake mahali pa neno la mtunzi. Lakini jina, ingawa haliondoi kosa, hulipa kosa mlango wa kubishiwa hodi. Nakala isiyo na jina ni nyumba isiyo na mlango: kosa limo ndani, na hapana pa kuingilia kuliuliza.

Basi waraka mwema wa maelezo ya programu ya michoro ungekuwa na mambo gani? La kwanza, ungesema chombo kinafanya nini kwa kitenzi chake halisi: hubadili herufi, tarehe na maneno katika kisanduku na jedwali. La pili, ungesema kwa uwazi ule ule kisichofanya: hakikagui mchoro, hakijui kama badiliko lililotajwa limechorwa, hakipigi hesabu, hakiwaondoi mafundi karatasi za zamani mikononi. La tatu, ungesema kinapokutana na jambo lisilo la kawaida hufanya nini. Kwa kuwa chombo hujulikana tabia yake siku ya shida, kama watu wanavyojulikana. La nne, ungesema kinaacha alama gani nyuma yake, ili atakayekuja baadaye aweze kulipata kovu ambalo wembe ulikuwa ukiliacha bure. La tano, ungekuwa na jedwali lake wenyewe la marekebisho, lenye jina la mwandishi na tarehe; kwani programu nayo hubadilika, na waraka unaoagiza michoro ya wengine iwe na historia hauna haki ya kukosa historia yake.

Mambo haya matano hayahitaji kipaji kikubwa. Yahitaji ushupavu mdogo, na huo ndio ulio adimu. Mwajiri hupenda kusikia kwamba chombo kinafanya yote. Mnunuzi huvutwa na sentensi isiyo na lakini. Muundaji mwenyewe huona kuwa kutaja upungufu ni kujivunjia heshima. Mbele ya nguvu hizo tatu, anayeandika "haikagui" badala ya "husahihisha" amejipunguzia sifa kwa hiari yake. Lakini yafaa ipimwe ni nani hulipa nini. Gharama ya ukweli hulipwa na mwandishi, nayo ni ndogo: sifa kidogo, pengine uso uliokunjamana wa mkubwa wake. Gharama ya kimya hailipwi na mwandishi. Hulipwa na mtu asiyepata kusikia jina la programu, aliyekwenda ukumbini jioni kucheza dansi, au aliyepanda daraja asubuhi kutafuta riziki. Wakati ambapo anayefaidika na kimya si yule atakayekilipia, kimya hicho si busara. Ni kukopa kwa jina la mwingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema Waswahili, na methali hii yafaa kwa maneno kama ifaavyo kwa nyumba. Ufa wa maneno ni kitenzi kilichotumiwa mahali pasipo pake. Ni mwembamba, hauonekani siku ya kwanza, na waliopita karibu nao huuona kuwa ni pambo la sentensi. Lakini juu yake watu hupandisha herufi, juu ya herufi hupandisha muhuri, na juu ya muhuri hupandisha zege na chuma. Aliyekuwa na kalamu mkononi wakati ufa ulipokuwa wino mtupu ndiye aliyeweza kuuziba kwa bei nafuu kuliko wote waliomfuata.

Kompyuta haikuvunja ndoa ya sahihi na usahihi. Ilifanya talaka iwe rahisi. Kuwarudisha wawili hawa chini ya dari moja ni kazi ya watu, na huanza kwa wale wanaodhaniwa kuwa na kazi ndogo kuliko wote. Mwandishi wa maelezo hachori boriti wala hapimi chuma, na jina lake halitatajwa siku ya kukata utepe. Lakini kila mtumiaji akibonyeza kitufe kwa kuuamini waraka wake, yeye ndiye aliyetia sahihi kabla ya wote. Heshima yake ni kuhakikisha kwamba neno hilo, katika karatasi yake walau, lina maana zake zote mbili.